Kufuli la Baba Pacha

Najua umenuna. Wiki nzima nimekuwa nikisikia manung'uniko, eti nilimwacha Mama Pacha amechuchumaa ndani ya shimo la koki, tochi mkononi, mdomo wazi, kisha nikafunga ukurasa nikaenda zangu. Haya, nimerudi. Naye bado yumo shimoni, na usifikiri mimi nimelala usingizi.

Wewe uliyeingia leo, vuta kiti nikuelezee haraka. Mama Pacha ni msimamizi wa maji kwenye mgodi wa dhahabu. Nje ya uzio wa mgodi kuna mtaa, na mtaa huo hunywa maji ya bomba moja tu, linalotoka kwenye visima vya mgodi. Bomba limekauka. Ukiuliza kwa nini, kila mkubwa anakujibu neno moja: ukame.

Mama Pacha anavijua visima vyake kama anavyowajua watoto wake. Havijakauka. Basi alichoka kuimbiwa wimbo wa ukame, akaenda mwenyewe mpaka kwenye koki kuu ya mtaa, akamwamuru mlinzi amsaidie kufunua kifuniko cha chuma, akashuka. Akakuta koki imefungwa. Juu ya koki kuna kufuli jekundu. Kwenye kufuli kuna kitambulisho, na kwenye kitambulisho kuna picha ya mwanamume anayelala naye kitanda kimoja.

Hapo ndipo tulipoachana.

"Mama," mlinzi aliita kutoka juu. "Mbona kimya? Umeona nyoka?"

"Bora ningeona nyoka," Mama Pacha alijibu.

Sasa elewa jambo moja, maana bila hili hadithi yote haina chumvi. Mgodini kufuli jekundu si kama kufuli la mlangoni kwako. Kila fundi ana lake, lina sura yake na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo hauondoki mfukoni mwake. Akitaka kuingiza mkono kwenye mashine, anaifunga kwanza kwa kufuli hilo, ili mwenzake asije akaiwasha yeye akiwa ndani. Akimaliza, analifungua mwenyewe. Hakuna mwingine anayeligusa, awe meneja, awe mwenye mgodi. Wenyewe wana msemo wao: kufuli la mtu ni roho yake. Anayekata kufuli la mwenzake hafukuzwi kazi tu. Hata waliokuwa wakila naye meza moja wanahamisha sahani.

Mama Pacha aliishika ile picha kwa vidole viwili. Ilikuwa picha nzuri, aliyompiga yeye mwenyewe, akiwa na shati lile la buluu. Jana tu wakati wa chakula alimuuliza, "Hivi Baba Pacha, bomba la mtaa lina nini?" Na huyu bwana akaendelea kumenya chungwa lake taratibu, akasema, "Ukame, mke wangu." Alisema hivyo bila hata kukohoa.

Simu ililia akiwa bado anapanda ngazi ya shimo. Alikuwa mdogo wake, yule mkunga wa zahanati ya mtaa.

"Dada, ndoo ya mwisho nimeiinamisha," mkunga alisema. "Nina wazazi watatu humu ndani, mmoja uchungu umeshashika. Nifanyeje?"

"Nipo kwenye koki sasa hivi. Nipe muda kidogo."

"Muda unao wewe, dada. Hawa hawana. Mimi sizalishi mtu kwa mikono michafu. Jua likianza kuegemea nafunga mlango, nawapakia kwenye mkokoteni waende hospitali kubwa. Nawe unaijua ile barabara. Mwaka jana aliyejifungulia pale njiani tulizika wawili."

"Usifunge mlango."

"Basi niletee maji," mkunga alisema, akakata simu.

Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwa Mama Pacha, na nakuomba na wewe uliweke kichwani mwako: maji yafike zahanati kabla jua halijaegemea. Mengine yote, ndoa yake ikiwemo, aliyasukuma pembeni. Aliingia kwenye gari, akamwambia mlinzi apande, wakaelekea kwenye shimo kubwa la mgodi kumtafuta mwenye kufuli.

Hawakufika mbali. Kizuizi kilikuwa kimeshushwa, bendera nyekundu inapepea, na kijana wa kizuizini amekaa juu ya jiwe anakula karanga.

"Leo wanalipua miamba, Mama," alisema. "Hapiti mtu."

"Namtaka fundi wa pampu. Mume wangu."

"Mafundi wa pampu wamehamishiwa ng'ambo ya shimo mpaka baruti ilipuke."

"Mwite kwenye redio."

"Redio zote zimezimwa. Baruti haipendi redio."

"Na simu yake?"

"Simu zao hizi hapa." Kijana alionyesha sanduku la mbao lililojaa simu. Ya Baba Pacha ilikuwa juu kabisa, ile yenye kioo kilichopasuka.

Mama Pacha alihesabu moyoni ili asimtukane mtoto wa watu. "Wanalipua saa ngapi?"

"Wakimaliza kuunga nyaya."

"Wanamaliza lini kuunga?"

Kijana alifikiri. "Zikishaungika," alisema, na akamkaribisha karanga.

Nani asingekasirika? Mimi ninayesimulia tu hapa meno yananiuma. Mwanamke ana visima vimejaa, ana bomba zima, ana koki, na kati yake na maji kuna kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na mwenye ufunguo yuko mahali anapoonekana kwa darubini lakini haitikii akiitwa.

Aligeuza gari akaenda kwa mkuu wa usalama. Huyu wamempa jina la Kofia, kwa sababu hajawahi kuonekana bila kofia yake ngumu. Wanasema hata harusini kwake aliingia nayo. Kofia alimsikiliza vizuri, akatikisa kichwa vizuri, akamwekea na kiti.

"Kufuli halikatwi mpaka mwenyewe apatikane aulizwe," alisema.

"Nimekwambia yuko ng'ambo ya baruti."

"Basi tunasubiri baruti."

"Zahanati haina maji, bwana. Kuna mama anataka kuzaa."

"Nawasikitikia sana."

"Na mwenye kufuli angekuwa amekufa?"

"Akifa tuna utaratibu wake, na ni mwepesi tu," Kofia alisema kwa upole. "Tatizo ni kwamba mumeo ni mzima."

Mlango ukafunguliwa, akaingia meneja. Jina lake la kweli halijui mtu, kwa sababu wote wanamwita Bwana Kesho. Ukimpelekea tatizo leo, anakupa kesho. Ukirudi kesho, naye anayo yake nyingine mbele. Alikuwa amekuja kumwomba Kofia chaja ya simu, lakini alipomwona Mama Pacha sura ikamkunjamana.

"Mama, tena hayo maji ya mtaa?"

"Koki imefungwa, Bwana Meneja. Si ukame. Mtu ameifunga kwa kufuli."

Nilitegemea angalau ashtuke. Wapi. Alichomeka chaja ukutani, akaangalia kama simu inaingia moto.

"Mimi sikuagiza ifungwe," alisema. "Lakini aliyeifunga nampa mkono. Mtambo wa kuchenjulia dhahabu unakunywa maji usiku na mchana, na kiangazi hiki ni kikali. Mtambo kwanza. Maji ya mtaa tunawapa kwa hisani tu."

"Hisani? Visima vile vimechimbwa palipokuwa na mashamba yao."

"Kesho tutakaa tuliongee."

"Wazazi hawawezi kuzaa kesho kwa sababu wewe unapenda kesho."

"Kesho asubuhi," alisema Bwana Kesho, kama mtu aliyepunguza bei, na akamgeuzia mgongo.

Mama Pacha alitoka nje. Mlinzi alikuwa amesimama kando ya gari akichora chora vumbi kwa ncha ya kiatu. Alikuwa na jambo.

"Mama, mimi si mtu wa umbea," alianza.

Msomaji, ukimsikia mtu anaanza hivyo, ziba masikio. Lakini Mama Pacha hakuziba.

"Sema."

"Juzi nilimwona Baba Pacha na yule mwenye boza. Kule nyuma ya karakana. Wameongea sana, halafu wakapeana mikono. Baba Pacha akampa bahasha. Au mwenye boza ndiye aliyempa, sikuona vizuri."

Unamkumbuka mwenye boza? Kama humkumbuki, ni yule mwenye lori la tangi anayeuza maji mtaani tangu bomba likauke, na anauza kwa bei ya dawa. Watu wanamchukia na wanapanga foleni kwake.

Mama Pacha aliligeukia gari. Aliweka mikono juu ya boneti la gari, lilikuwa la moto, wala hakuiondoa. Kila kitu kilijipanga chenyewe. Koki imefungwa, boza linauza, mume anamenya chungwa anasema ukame. Miaka yote hii amemtetea mwanamume huyu mbele ya mama yake mzazi, aliyesema tangu mwanzo kwamba mtu asiyezungumza ana mengi. Kumbe mama aliona mbali. Aliumia, tena aliumia vibaya, na maumivu yale yalikuwa yanatafuta mahali pa kutokea.

"Twende karakana," alisema.

Karakana ilikuwa imejaa mafundi wakati ule. Kwenye ukuta wa ndani, kati ya misumeno na minyororo, huning'inia mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, mrefu kama mkono wa mtu. Mama Pacha aliingia, akaushusha, akautia begani. Hakuna aliyemuuliza anakwenda kukata nini. Waliinamisha vichwa wakaendelea na spana zao, kwa sababu wote waliujua mtaa ule, na wengine wake zao walikuwa kwenye foleni ya boza saa hiyo hiyo.

Njiani kurudi kwenye koki walipita kando ya uzio. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa chini upande wa pili wa waya, ndoo zimelala ubavu. Mmoja alinyanyuka alipoliona gari.

"Mama Maji," aliita. "Tuondoke au tukae?"

"Msiondoke," Mama Pacha alimjibu. "Nendeni bombani mkasubiri."

Neno lilikuwa limeshamtoka, na mbele ya watu wote wale. Sasa hakuwa na pa kurudi nyuma.

Kwenye shimo la koki mlinzi alifunua kifuniko, halafu akamshika mkono.

"Mama, usilikate. Kufuli la mtu lile. Mimi nitaulizwa."

"Utasema hukuona."

"Lakini naona."

"Basi geuka."

Mlinzi akageuka. Akaangalia mti mmoja mkavu kwa makini, kama ndiyo kwanza anauona mti.

Mimi ningekuwa karibu ningemshika Mama Pacha kiunoni nikamvuta juu. Nasema kweli. Ana hasira, na hasira yake ni ya haki, na haki ikichanganyika na hasira mtu haoni hata kitu alichokifundisha mwenyewe. Kila mwaka ni yeye anayesimama mbele ya vibarua wapya na kuwaambia: ukikuta kufuli jekundu, usijiulize nani mkorofi, jiulize ndani kuna nini. Leo hakujiuliza. Aliweka meno ya mkasi kwenye shingo ya kufuli, akaegemea kwa uzito wake wote. Chuma kilikataa. Akaegemea tena huku machozi yanamtoka, akimtaja mumewe kwa jina ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika. Kufuli likakatika.

Alizungusha gurudumu la koki mpaka likagoma. Bomba lilikohoa, likatoa hewa, likatetemeka. Kisha akausikia ule mvumo anaoujua kuliko sauti yoyote, maji yakienda.

Baada ya muda vigelegele vilisikika kutoka mtaani.

Alipanda juu akaketi kwenye ukingo wa shimo, miguu inaning'inia, viatu vimejaa tope. Kwa mara ya kwanza tangu bomba likauke alicheka, cheko dogo la mtu aliyechoka. Zahanati ndiyo ya kwanza kwenye bomba lile, tangi lake hujaa kabla ya mtu mwingine kupata. Mdogo wake hafungi mlango leo. Kazi ameipoteza, hilo alilijua, lakini angalau amepoteza kazi kwa jambo la maana. Akaanza kupanga maneno atakayomwambia Baba Pacha. Alikuwa nayo mengi, na yote yalikuwa na makali.

Ardhi ilitikisika. Baruti ilikuwa imelipuka, vumbi likapanda juu ya shimo kubwa la mgodi, king'ora cha kuruhusu watu kupita kikalia, redio zikawashwa, na habari ya kwanza kupita ikawa kwamba maji ya mtaa yametoka.

Haikuchukua muda gari la mafundi wa pampu likaonekana linakuja. Lilikuja kwa mwendo ambao Baba Pacha haendeshi kamwe, yeye ambaye wenzake humtania kwamba hata konokono humwomba njia. Alisimamisha gari vibaya, mlango akauacha wazi, akampita mkewe bila salamu, akaruka shimoni bila kutumia ngazi. Akashika gurudumu la koki akaanza kufunga.

"Acha," Mama Pacha alisema.

Hakuacha.

"Nimekwambia acha. Mwenye boza amekupa nini? Nimezaa na wewe watoto, nimelala njaa na wewe, leo unafunga maji ya wazazi kwa ajili ya mtu wa boza?"

Baba Pacha alifunga mpaka mwisho. Mvumo ukafa. Akaokota kufuli lililokatwa, akaligeuza upande wa picha yake, kisha akainua uso.

"Nani kalikata?"

"Mimi."

"Wewe," alirudia, na hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyepigwa. "Yameenda kwa muda gani?"

"Ya kutosha. Watu wamejaza ndoo. Kawanyang'anye huko mtaani."

Baba Pacha aliketi kwenye sakafu ya shimo, ndani ya tope. 

"Mama Pacha," alisema. "Maji yale hayatoki kisimani."

"Yanatoka wapi basi?"

"Kwenye bwawa la topesumu."

Nisimame kidogo hapo. Topesumu ni kile kinachobaki dhahabu ikishatolewa kwenye mawe, na dhahabu hutolewa kwa sumu kali iitwayo sayanaidi. Tope huachwa litulie bwawani, maji ya juu huvutwa yakarudishwa mtamboni kufanya kazi tena. Ni meupe. Ukiyatia kwenye glasi unaweza kumpa mgeni. Ndege wanaotua kuyanywa hawaruki tena.

"Haiwezekani," Mama Pacha alisema. "Mabomba yale hayakutani."

"Yanapita sambamba kwenye kona ya mtambo. Greda lilipita pale likayakata yote. Nikatumwa kuyaunga. Nikakuta vipande vya kijani, nikaunga kijani kwa kijani. Si ndivyo mnavyotufundisha? Kijani maji ya kunywa, kahawia maji ya topesumu. Nikaunga, nikafukia, nikaenda nyumbani."

"Na bomba la kahawia je?"

"Kahawia halikuwepo pale."

Mama Pacha alishika ukingo wa shimo.

"Kesho yake ndipo nikafungulia maji, kisha nikazima pampu za visima nione kama kuna mahali panavuja," Baba Pacha aliendelea. "Pampu nimezima, maji yanaendelea kuja. Nikajiuliza haya yanatoka wapi. Nikalifuata bomba kwa miguu mpaka nikajikuta bwawani. Nikakimbia hapa nikafunga koki, nikaweka kufuli langu, kabla bomba la mtaa halijajaa. Hakuna aliyekunywa. Mungu alisaidia, hakuna hata mmoja."

"Bomba la bwawani ni la kijani," Mama Pacha alisema polepole.

"Kipande kile, ndiyo."

"Kiangazi kile."

"Kiangazi kile," mumewe alikubali.

Mama Pacha alikumbuka. Mabomba ya kahawia yalikuwa yamekwisha, mtambo unakaribia kusimama, Bwana Kesho anampigia simu kila anapovuta pumzi. Stoo kulikuwa na mabomba ya kijani yaliyobaki. Akaamuru yalazwe hayo hayo, haraka, rangi watayapaka kesho. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alisema kesho. Hayakupakwa.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Nilikuuliza. Kila siku nilikuuliza mezani."

"Ningekuambia, ungeenda siku ile ile kujitaja mwenyewe. Nakujua. Wangekufukuza jioni, na wangekupeleka mahakamani juu yake. Nilitaka nitenganishe mabomba kwanza, kimya kimya, halafu nikueleze. Kiungo cha kutenganishia nimekiagiza, kila siku naambiwa kinakuja."

"Na boza?"

"Nilimlipa apeleke maji zahanati kila asubuhi mpaka nimalize."

"Hajapeleka hata tone."

Baba Pacha alifumba macho. "Alinipa mkono," alisema.

"Ungesema neno moja tu, Baba Pacha. Hata ungesema usiguse koki."

"Nilisema. Niliweka kufuli." Alilinyanyua kumwonyesha, picha ikiwa imejaa tope. "Nilijua anayeliona yeyote ataacha. Na wewe kuliko wote. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Sina la kuongeza hapo. Ningependa kumlaumu mmoja wao nipumue, lakini kila nikimshika huyu naona na yule ana kosa, na yote mawili yametoka kwenye mapenzi na haraka. Laumu mwenyewe ukitaka.

Mlinzi alikuwa wa kwanza kuzinduka. "Watu wanakunywa," alisema. "Sasa hivi wanakunywa."

"Chukua gari," Mama Pacha alimwambia. "Piga honi mtaa mzima. Waambie wamwage, wasionje, wasinawe, wasinyweshe mbuzi. Waambie ni sumu. Waambie nimesema mimi."

Gari liliondoka kwa vumbi. Baba Pacha alikuwa ameshapanda juu, ameshika redio anaita gari la wagonjwa, anajibiwa asubiri. Mama Pacha alitoa simu. Vidole vilikuwa vimelowa, kioo kikakataa kumtii. Akafuta kwenye sketi, akajaribu tena.

Simu iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

"Dada." Sauti ya mkunga ilikuwa imechangamka. "Nilikuwa nataka kukupigia. Mungu akuzidishie. Tangi limejaa mpaka juu."

"Nisikilize. Maji hayo ni sumu. Yametoka bwawani mgodini. Mtu asiyaguse."

Upande wa pili kikombe kiligonga meza.

"Umenisikia? Umewapa wazazi?"

"Hapana," mkunga alisema polepole. "Hapana, dada, bado. Ndoo iko hapa mlangoni, sijawapa."

Mama Pacha aliegemea gari la mumewe. "Alhamdulillahi," alisema, naye si wa dini hiyo. "Mwaga. Mwaga yote."

"Unajua desturi yangu. Baada ya bomba kukauka siwapi maji mapya mpaka nihakikishe ni mazuri."

"Unahakikishaje?"

Mkunga alisikika akimwambia mzazi avute pumzi.

"Mdogo wangu, unahakikishaje?"

"Nakunywa mimi kwanza," mkunga alisema. "Nilikuwa na kiu tangu asubuhi, dada. Nimemaliza kikombe chote."

Baba Pacha aliona sura ya mkewe akaacha kuongea na redio.

"Jitapishe," Mama Pacha alisema. "Sasa hivi. Tia kidole, toka nje, jitapishe. Tunakuja."

"Siwezi kutoka. Kichwa cha mtoto kinaonekana, na niko peke yangu humu."

"Mwache."

"Nimwachie nani?"

Simu iliwekwa juu ya kitu kigumu bila kukatwa. Mama Pacha alisikia maji yakimwagwa sakafuni, kisha mwanamke akilia kwa uchungu, kisha sauti ya mdogo wake, iliyokuwa imeanza kuwa nzito na kuvuta maneno.

"Sukuma, mama," ilisema. "Usiniangalie mimi. Wewe sukuma tu, mimi nipo."